Tegu Asiye na Jina

Jumapili hiyo ibada ilipokwisha, Nzai wa Garama alitoka kanisani amevaa koti jeupe lililomfika magotini, na mfukoni mwa koti mlikuwa na chupa. Koti alipewa na Mzungu mmoja wa Nyali, mchunguzi wa minyoo aliyemwajiri, ili asichafue nguo zake kwa matumbo ya samaki. Nzai alilichukulia kuwa koti la daktari. Mkewe, Dorcas, alikuwa amelifua jana yake kwa sabuni ya mche na kulianika uani kutwa nzima, lakini harufu ya matumbo ya taa, samaki yule mpana kama mkeka, haina adabu ya kuondoka kwa sabuni. Waumini waliokaa naye benchi moja waliimba nyimbo zote wamegeuza nyuso upande wa dirisha.

Nje, kwenye kivuli cha ukuta, wanaume walikuwa wakiulizana habari za mashamba na za watoto. Nzai akangoja wamalize, kisha akaitoa chupa na kuiinua juani.

"Mnaona nini humu?"

Mzee Kefa alisogea. Huyu alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa bara aliyekaa Frere Town miaka mingi na kupanda cheo kwa ustadi wa kukohoa kabla ya kusema. Alikohoa.

"Naona uzi," akasema.

"Si uzi, mzee. Ni tegu. Tena huyu, tangu Mungu aumbe dunia, hajapewa jina. Bwana wangu wa Nyali amepekua vitabu vyake vyote, hayumo. Wengine wote wana majina na ukoo wao, huyu hana. Na mimi ndiye niliyemwona kwanza." Nzai alishusha sauti kama mtu anayegawa siri, lakini si sana, wasije wa nyuma wakakosa kusikia. "Atapewa jina langu. Litaandikwa Ulaya, lisomwe na wataalamu wa dunia nzima."

Watu wa Kisauni walikuwa hawajapata kumwona mwenzao akitukuzwa kwa tegu, kwa hiyo hawakujua wapige makofi au wacheke. Margaret, mwenyekiti wa kina mama wa kanisa, mwanamke mnene mwenye kitambaa cha kichwa kilichopigwa pasi mpaka kikasimama chenyewe, alijipenyeza mpaka mbele.

"Na umemtoa wapi, baba?"

Mwenye akili angesema baharini, mambo yakaishia hapo. Lakini debe tupu haliachi kuvuma.

"Tumboni mwa taa," akasema Nzai. "Taa wa mke wangu, hawa hawa anaowakaanga kila siku. Kila taa mmoja ana tegu wake, mama. Ukijua kutazama, hukosi."

Aliyekuwa amekula taa jana jioni akamtazama mwenzake aliyekuwa amekula taa jana jioni. Margaret akaweka kiganja tumboni. Mtu mmoja alikwenda nyuma ya ukuta, na kila aliyekuwapo alimsikia akitapika.

Dorcas alikuwa amesimama hatua chache kutoka hapo, amemshika mkono mavyaa yake, Bi Nyevu, mama yake Nzai, ambaye macho yake yalikuwa na ukungu lakini masikio mazima. Aibu ilimpanda Dorcas hadi masikioni. Nyuma ya aibu ikaja hofu, nayo ilikuwa kubwa zaidi, maana yeye ndiye aliyejua nyumba ile inakula nini. Nzai aliacha kazi ya bandarini siku alipovishwa koti. Mzungu alimlipa alipokumbuka, na hakuwa na kumbukumbu nzuri. Watoto, mavyaa, kodi ya chumba na sadaka aliyopenda Nzai kuitoa kwa kishindo, vyote vilitoka kwenye karai la taa.

"Mwanangu," Bi Nyevu alimnong'oneza, "kikulacho ki nguoni mwako."

*

Kesho yake Dorcas aliteleka karai lake kama kawaida kwenye baraza ya duka la Mwidani, pale njia ya Kisauni inapokatana na ya Nyali. Taa alikuwa mzuri siku hiyo, mnyenga mpana aliyevuliwa alfajiri. Alimkata vipande vipana, akamtia chumvi, manjano, ndimu na pilipili, akamtosa katika mafuta ya nazi. Nyama ya taa ina sifa moja kubwa kwa wenye watoto: haina miba, ni gegedu laini tu, na mtoto anaweza kupewa kipande akaachwa nacho. Siku nyingine foleni ingefika mlangoni mwa duka kabla ya kipande cha kwanza kugeuzwa.

Foleni haikuja. Wafanyakazi wa mashamba ya Nyali walipita upande wa pili wa njia, wote, kama waliopigwa marufuku na serikali. Wanawake waliozoea kumkopa, na wengine bado hawajalipa, walipita wakizungumza na watoto wao kwa bidii ili wasilazimike kusalimu. Margaret peke yake ndiye aliyesimama, maana cheo chake kilimtaka asimame.

"Mama Karisa," alisema, "sisi hatukuchukii. Tunakuombea. Lakini tumekubaliana kina mama wote kwamba chakula chenye wadudu si chakula cha nyumba ya Kikristo."

"Mama Margaret, matumbo nayatupa pwani tangu zamani. Siku hizi anayachukua Bwana. Hata mara moja sijakaanga utumbo. Wewe mwenyewe umekula kwangu, umesema tamu."

"Nilikula bila kujua."

"Na kilikuuma nini?"

Margaret alifikiri. Hakikumuuma kitu, na hilo lilimkasirisha zaidi. "Wadudu hawana haraka," akasema, akaenda zake.

Adhuhuri Mwidani mwenyewe alitoka dukani na tasbihi mkononi. Alikuwa Mswahili wa Jomvu Kuu, mtu wa maneno laini, na hakuna anayeogopesha kama mwenye maneno laini aliye na baraza yake.

"Mama Karisa, mimi nawe hatuna ubaya, wallahi. Lakini hii baraza, watu wakija kwako ndipo hununua kwangu unga na sukari. Leo tangu asubuhi sijauza hata kiberiti. Hwoni? Wapita mbali na duka kama pana ndui."

"Nipe siku kidogo, Bwana Mwidani. Yatapita."

"Nakupa mpaka Jumamosi. Kahaso wa mihogo aniomba hapa tangu mfunguo mosi, na mihogo, mama, haina tegu." Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, aliongeza: "Mimi ningekula, lakini leo nimefunga."

Haikuwa siku ya kufunga.

*

Jioni Dorcas aliweka vipande vilivyobaki mbele ya mumewe, na vilikuwa vingi. Nzai aliisogeza sahani kwa ncha ya kidole.

"Nimekula kazini."

"Kila siku unakula kazini. Wakupa nini huko?"

"Chakula tu. Mama Karisa, usinihoji kama karani."

Bi Nyevu, kutoka mkekani, alisema kwamba tangu mwanawe aanze kazi ya matumbo hajasikia meno yake yakitafuna samaki nyumba hii. Nzai akaigeuzia sahani mgongo. Dorcas akamtazama, na kwa mara ya kwanza akaona jambo ambalo angeliona zamani kama asingekuwa na karai la kuangalia.

"Wewe umeambiwa nini na Bwana juu ya tegu hawa? Wanaingia kwa mtu?"

"Hawaingii. Tegu wa taa hukaa kwa taa. Tena tegu wa mnyenga hawezi kukaa hata kwa pungu, taa mwenzake, ndiyo elimu yenyewe hiyo. Bwana anamtazama taa, anajua atakuta tegu yupi. Akimtazama tegu, anajua katoka kwa taa yupi. Kwa mtu wanakufa papo hapo."

"Basi kawaambie watu hivyo. Si kesho, leo. Uliwatia wewe hofu, watoe wewe."

Nzai akaenda. Haki yake tumpe, alikwenda. Alisimama penye kisima walipokusanyika watu kuteka maji, amevaa koti, akawaeleza kwamba hakuna hatari yoyote. Angemaliza hapo angekuwa ameokoa nyumba yake. Lakini aliona wamenyamaza kumsikiliza, na hakuna aliyewahi kunyamaza kumsikiliza Nzai bandarini. Basi akawaeleza na jinsi utumbo wa taa ulivyojisokota ndani kama parafujo, na jinsi tegu wanavyoning'inia kwenye kila mzunguko wa parafujo hiyo. Akaeleza kichwa cha tegu kinavyoonekana katika darubini, kimoja kina vikombe vya kufyonzea, kingine kina kulabu, na huyu wake mpya ana vyote viwili. Alionyesha kulabu kwa vidole vyake. Mwanamke mmoja akamwaga maji yake na kuteka upya.

Siku ya pili yake hata wale waliokuwa wakisita waliacha kusita. Watoto walimwimbia Dorcas njiani, na walimpa mumewe jina la Bwana Kulabu. Hilo lilikuwa jina la kwanza alilopata kutokana na tegu wake, na hakulipenda.

*

Dorcas aliona kwamba akingoja ukombozi wa mumewe atangoja mpaka parapanda. Alijifunga leso yake nzuri akaenda Nyali.

Bwana Pelham, yule Mzungu wa koti, alikuwa amekaribishwa katika nyumba kubwa ya mama mmoja wa Kizungu, mwenye bustani na sanduku la barafu. Dorcas alipita lango la mbele na kurudishwa na mpishi, Nicanor, kijana wa bara mwenye aproni iliyokaushwa kwa wanga.

"Wewe unatoka wapi? Mlango wenu ni ule wa nyuma."

"Namtaka Bwana wa taa."

"Kila mtu anamtaka Bwana. Una matumbo?"

"Sina."

"Huna matumbo unamtaka wa nini?" Nicanor alimwacha asimame juani karibu na ndoo za taka. Alimsahau, au alijifanya kumsahau, mpaka mbwa wa nyumba alipobweka sana na Bwana mwenyewe akatoka kuona kuna nini.

Bwana Pelham alikuwa mwembamba, shingo nyekundu, si mtu mbaya. Alimkaribisha verandani kwake, akamwonyesha hata kazi yake. Zilikuwapo chupa nyingi zimepangwa kwa safu, kila moja na karatasi yake: za mnyenga safu yake, za pungu safu yake, za taa wadogo wa mchangani safu yake. Bwana alikuwa amewapa viumbe wale mpangilio mzuri kuliko serikali ilivyowapangia watu wa Kisauni, waliopangwa nao kwa safu, wamisheni huku, Wagiriama kule, wa bara kule, na hakuna aliyetakiwa kutoka chupa moja kuingia nyingine.

"Bwana," alisema Dorcas, "watu hawali taa wangu tena. Wanasema wana tegu."

"Ndiyo, tegu iko. Mingi sana." Bwana alifurahi. "Taa ya wewe mzuri sana kwa tegu."

"Ndiyo wanayosema wao, Bwana. Nakuomba uje Jumamosi dukani kwa Mwidani. Waambie kwa mdomo wako kwamba hawana hatari. Kisha ule kipande mbele yao. Wewe ndiye unayewajua tegu, ukila wewe watakula wote."

Bwana alitazama saa, akatazama darubini. "Jumamosi mimi nakwenda piga mpira na mama. Kazi nyingi. Wewe ambia watu tu."

"Nimewaambia."

"Pole sana."

Dorcas aliona ameshaagwa. Alipofika ngazini akageuka, kwa hasira zaidi kuliko kwa akili.

"Haya, Bwana. Lakini nisipouza sinunui taa. Nisiponunua taa, hayo matumbo utayatoa kwa nani? Wavuvi wanawapasua baharini na kutupa huko huko. Mimi ndiye ninayemtaka mzima."

Bwana Pelham aliweka chini kalamu yake. Uso wake ulibadilika, ukawa uso wa mtu aliyeguswa na taabu ya mwenzake. "Oo," akasema. "Hii mbaya sana. Jumamosi saa ngapi?"

*

Jumamosi baraza ya Mwidani ilijaa watu kuliko siku ya kodi. Hawakuja kula, walikuja kuona. Mzee Kefa aliletewa kiti. Margaret alisimama mbele na kina mama wake. Mwidani mlangoni alihesabu vichwa na kujutia kwamba vichwa havinunui. Bi Nyevu alikaa chini karibu na karai, na Dorcas alikaanga taa bora kuliko wote aliopata kukaanga, vipande vya rangi ya dhahabu, harufu yake ikawafanya watu waliokuja kukataa wameze mate.

Bwana Pelham alifika na motokaa, Nzai kwenye kiti cha nyuma amekaa wima ndani ya koti. Bwana alisimama kwenye ngazi.

"Watu ya Kisauni," akasema. "Tegu ya taa, yeye kaa ndani ya taa. Tegu ya pungu, yeye kaa ndani ya pungu. Kila moja nyumba yake. Ingia tumbo ya mtu, yeye kufa. Mimi soma hii kazi miaka mingi. Hapana ogopa. Kula."

Alisema kweli tupu. Watu walielewa, na wengi walikuwa tayari kuamini, maana njaa ya taa iliwauma. Kefa alikohoa.

"Tumeshukuru, Bwana. Basi na Bwana akaribie."

Dorcas alikuwa na sahani tayari, ya kauri, ya kuazima, yenye kipande kimoja na ndimu pembeni. Aliipeleka kwa mikono miwili. Bwana Pelham aliitazama, akacheka kidogo, akajipapasa tumbo.

"Asante, mama. Nzuri sana. Lakini mimi shiba. Na daktari yangu nakataza mafuta."

Hakuwa anaogopa tegu, na hiyo ndiyo sehemu ya kuudhi. Aliogopa karai, vumbi la njia, mikono ya Dorcas, nzi, na kula amesimama mbele ya watu wale. Lakini umati hauwezi kujua mtu anaogopa nini. Unaona tu sahani imerudi. Margaret aliwageukia kina mama wake na kuinua nyusi.

"Tulieni," Kefa alisema. "Hata tembo la mnazi, mwenye nyumba huonja kwanza. Anaonja mbele ya wageni, anameza, ndipo kata inapita kwa wengine. Ndiyo desturi ya hapa, kutoa shaka." Mzee Kefa alihubiri dhidi ya tembo kila mwaka, na hakuna aliyemwuliza alikozijua desturi zake. "Mwenye nyumba yupo. Nzai na aonje."

"Naam," watu wakaitikia. "Nzai na aonje. Akimeza yeye, tunanunua."

Mwidani naye akaitikia mlangoni: "Akimeza yeye, mama, baraza ni yako."

Dorcas alimpa mumewe sahani. Alimtazama tu, na katika kutazama kule yalikuwamo yote: watoto, mama yake aliyekaa chini, kodi, na miaka ya kuamka alfajiri kungoja mashua. Kipande kimoja. Hata kama hakupenda, hata kama angetapika baadaye nyumbani, alitakiwa kukipitisha kooni tu.

Nzai alitabasamu kwa umati. Akachukua kipande, akakinyunyizia ndimu, akakiuma. Alitafuna mara mbili, tatu. Kisha taya zikasimama. Alijua kuliko wote waliokuwapo, kasoro Bwana, kwamba kile kipande hakina kitu. Lakini kila siku alikuwa ameinama juu ya matumbo yale akiwachambua wenye kulabu na wasio na kulabu, na sasa wote walimjia mdomoni. Macho yakamlowa. Akajaribu kumeza, shingo ikapanda na kushuka bure. Akaweka sahani chini, akakimbilia nyuma ya duka.

Walimsikia wote. Bi Nyevu, asiyeona, aliuliza, "Kameza?"

Dorcas aliinama, akakiokota kile kipande kilichoumwa, akakila. Akala na cha pili kutoka karaini, na cha tatu, cha moto kikimwunguza ulimi, amesimama wima mbele yao.

"Mwuzaji atakula hata sumu, ilmradi auze," Margaret alisema. Watu wakaanza kutawanyika. Bwana Pelham alipanda motokaa akisikitika kwa dhati. Aliuliza dirishani kama matumbo ya huyu wa leo yapo.

*

"Nilikwamwa na mwiba," Nzai alisema nyumbani.

Dorcas alikuwa akilisugua karai kwa mchanga.

"Baba Karisa, nyama ya taa imeanza lini kuwa na miba?"

Nzai alianza kueleza jinsi elimu inavyobadilisha mtu, na jinsi jina lake litakapotoka katika vitabu watu hawa hawa watakavyokuja kumwomba radhi. Dorcas alimaliza kulisugua karai, akalifunga ndani ya leso kuukuu.

Kahaso wa mihogo aliwekwa barazani Jumatatu yake. Mwidani aliomba radhi kwa maneno matamu na kumpa Dorcas kibaba cha sukari. Bwana Pelham, alipokosa matumbo, alingoja kidogo, akaona mvua inakaribia, akafunga chupa zake katika masanduku yenye maranda ya mbao. Nzai ndiye aliyepigilia misumari. Alipouliza habari za jina, Bwana alisimama, kwa kuwa si mtu mbaya, akamweleza vizuri. Tegu mpya alikuwa amepewa jina la mama mwenye nyumba. Barafu yake ndiyo iliyohifadhi matumbo, na bila barafu hakuna kazi. "Tena jina ya wewe ngumu," akasema Bwana, "watu ya Ulaya hapana weza soma." Jina lenyewe lina herufi nne. Siku ya meli Nzai alipunga mkono mpaka bandarini hapakuwa na wa kumpungia.

Aliporudi alikuta chumba kitupu. Dorcas alikuwa amehamia Changamwe na watoto, kwenye chumba cha mabati karibu na landi, zile nyumba za safu za wafanyakazi wa reli. Hilo lingevumilika, wake huondoka na hurudishwa. Kilichomwumbua Nzai Kisauni nzima ni kwamba mama yake mzazi naye alikuwa ameondoka. Majirani walimwuliza Bi Nyevu, siku anatoka, inakuwaje mama aache mtoto wake afuate mkamwana. Alijibu huku anapapasa njia kwa fimbo: "Mimi nafuata karai."

*

Changamwe watu hawakuwa na muda wa kuchagua samaki kwa ukoo wake. Waliotoka karakana za reli na bandarini walikuja na njaa ya kutwa, wengi wa bara, wengine hata bahari yenyewe hawajaizoea. Dorcas alipata nafasi kando ya Agneta, mwanamke wa kutoka ziwani aliyeuza chai, ambaye siku ya kwanza alimpimia nafasi kwa mguu wake na kumwambia asipitishe moshi huku.

"Samaki gani huyu?" mtu angeuliza.

"Taa."

"Ana miba?"

"Hana."

"Weka viwili."

Dorcas hakutaka kufichua wala kuficha. Siku moja alimsimulia Agneta habari yote, akingoja afukuzwe. Agneta alisikiliza huku anachochea moto.

"Samaki wa ziwa kwetu wana minyoo tangu babu zetu," akasema. "Tunamtoa matumbo, tunamtupia mbwa, tunamkaanga. Kwani watu wako wa pwani walikuwa wanamla na mavi yake?"

Dorcas alicheka mpaka akalia, na kulia kwenyewe kulikuwa kwa hasira, kwa sababu lilikuwa jambo dogo kiasi hicho.

Nzai alikuja mchana wa siku ya mishahara. Alikuwa amerudi bandarini kuomba kazi yake, akaambiwa ina mtu, na sasa alisimama langoni kila asubuhi na vibarua wengine akingoja kunyooshewa kidole. Mashavu yalikuwa yamembonyea. Alikuja moja kwa moja mpaka kwenye karai.

"Mama Karisa."

"Kuna foleni, baba."

Aligeuka, akaona watu wa reli wanamtazama, akaenda kusimama nyuma. Bi Nyevu alikuwa ameketi hapo hapo akimenya vitunguu. Aliitambua sauti, akaendelea kumenya. Zamu yake ilipofika, Nzai alikuwa na maneno aliyoyapanga njia nzima, juu ya nyumba na watoto na macho ya watu. Lakini harufu ilimtangulia, na maneno yakatoka mengine.

"Nipe kipande."

"Pesa kwanza."

Alimtazama kama aliyesikia vibaya. Dorcas alikuwa amenyoosha kiganja. Nzai alipekua mfukoni, akatoa sarafu, akapewa kipande chake kwenye karatasi kama watu wote. Hakusogea pembeni. Alikula pale pale amesimama, kwa mikono miwili, mafuta yakimchuruzika kidevuni, wala hakuonekana kutafuna. Kikapita. Akatoa sarafu nyingine, akala cha pili. Cha tatu alikila polepole zaidi, akalamba na vidole.

Dorcas alisimama na kijiko cha kugeuzia mkononi, akimtazama koo lake likipanda na kushuka bila taabu yoyote. Alikuwa amedhani siku akimwona ana njaa atamhurumia. Hakumhurumia. Kilichomjaa kifuani kilikuwa hasira safi, kubwa kuliko ya siku ile, kwa sababu siku ile angalau aliamini kwamba mtu huyu hawezi.

"Siku ile uliombwa umeze kimoja tu," akasema.

Kisha akamgeukia aliyesimama nyuma ya Nzai.

"Na wewe, baba, vingapi?"